Robert Goddard: Mwasisi wa Roketi na Walioitunza Kumbukumbu Yake

Miongoni mwa wanasayansi waliobezwa wangali hai na kutukuzwa baada ya kuzikwa, Robert Hutchings Goddard ana nafasi ya pekee. Alizaliwa mjini Worcester, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, tarehe 5 Oktoba 1882. Tarehe 19 Oktoba 1899 alipanda mcheri nyuma ya nyumba ili akate matawi makavu, na huko juu akaanza kuwaza chombo ambacho kingeweza kufika sayari ya Mirihi. Aliishika siku hiyo kama sikukuu yake ya binafsi, akiitaja katika shajara zake miaka iliyofuata. Mti wenyewe uliangushwa na tufani ya 1938.

Akiwa mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Clark, aliandika kwamba roketi ingeweza kuvuka anga na hata kufika mwezini. Mwezi wa Januari 1920, gazeti la New York Times lilimkejeli katika tahariri yake, likidai kuwa roketi haiwezi kwenda pasipo hewa ya kusukuma. Hoja hiyo ilikuwa potofu, kwani roketi husukumwa na gesi inayoitema yenyewe. Gazeti lilijisahihisha tarehe 17 Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kuelekea mwezini. Goddard alikuwa amefariki tarehe 10 Agosti 1945.

Kejeli hizo zilimzidishia usiri. Tarehe 16 Machi 1926, katika shamba la jamaa yake, Effie Ward, huko Auburn, alirusha roketi ya kwanza duniani iliyotumia mafuta ya majimaji: petroli na oksijeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminiko. Iliruka kwa sekunde 2.5, ikapaa mita 12 hivi na kuanguka mita 56 kutoka pale, kwenye shamba la kabeji. Mkewe, Esther, alikuwa na kamera ya filamu, lakini ilikwisha nguvu kabla roketi haijanyanyuka. Picha maarufu ya Goddard akiwa kando ya roketi hiyo ni ya Esther.

Ni Esther huyu anayestahili sifa ambazo wengi humnyima. Kati ya hataza 214 za mumewe, 131 zilipatikana baada ya kifo chake kwa juhudi zake. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ililipa dola milioni moja kwa kuzitumia hataza hizo. Nyaraka alizozipanga zilichapishwa mwaka 1970 katika majuzuu matatu, na hazina yake imo katika maktaba ya Clark iliyopewa jina la Goddard.

Shamba la Auburn liligeuka uwanja wa gofu. Wachezaji hupita karibu na mnara mdogo uliojengwa mwaka 1960, na mahali hapo pakatangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka 1966.

Huko Roswell, New Mexico, alikohamia mwaka 1930 kutafuta nafasi na upweke, jumba la makumbusho la mji lilihifadhi roketi na vifaa vya karakana yake. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 2024, miaka 125 kamili tangu aupande ule mcheri, mafuriko yaliingia katika jumba hilo.