Mama Daktari: Aliokoa wengi, akaficha mengi

Kuna sehemu za Kenya ambako zamani ukiugua ulikuwa na mambo mawili ya kufanya: utembee siku kadhaa, ama usubiri ndege. Marsabit, Turkana, visiwa vya Lamu. Watu wakisikia mngurumo, watoto wanakimbia kufukuza mbuzi kwenye uwanja wa vumbi, halafu kandege kadogo kanatua. Anashuka mama mzungu mwenye sauti ya amri. Yeye ndiye rubani, na yeye ndiye daktari.

Jina lake Anne Spoerry. Huku kwetu walimwita Mama Daktari.

Alizaliwa 1918 mjini Cannes, Ufaransa, kwa familia iliyokuwa na pesa zake. Akaenda Paris kusomea udaktari. Wajerumani walipoiteka Ufaransa, yeye na kaka yake François wakajiunga na wapiganaji wa siri. Mwaka 1943 wakanaswa. Mapema 1944 Anne akapelekwa Ravensbrück, kambi ya Wanazi ya kufungia wanawake, kaskazini mwa Berlin. Alikuwa na miaka 25. Yaani rika letu kabisa.

Hapo ndipo hii stori inakuwa nzito.

Ndani ya kambi kulikuwa na Bloki 10, walikotupwa wagonjwa wa kifua kikuu na wanawake waliochanganyikiwa akili. Aliyeisimamia alikuwa Carmen Mory, Mswisi, mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wafungwa wenzake. Anne akawa mtu wake wa karibu. Masomo hakuwa amemaliza, lakini humo ndani alifanya kazi ya daktari, akiitwa Claude. Wanawake waliotoka hai walisema Daktari Claude aliwapiga wagonjwa, na wengine akawadunga sindano za kuwaua. Wapo pia waliosema kwamba alipotengana na Mory alibadilika, akawa anawahudumia wagonjwa vizuri.

Vita vilipoisha, Mory alihukumiwa kifo huko Hamburg mwaka 1947, akajiua kabla ya kunyongwa. Anne naye alikuwa ameitwa mwaka 1946 mbele ya baraza la waliopigania Ufaransa pamoja naye. Lilimpata na hatia, likamtaka akae nje ya Ufaransa miaka 25. Akaondoka Ulaya, akapitia Aden, kisha akaja Kenya. Akatulia Ol Kalou, akilima na kutibu watu mashambani. Hakuna aliyemjua Claude huku.

Alipofika miaka 45, umri ambao wengi wanaanza kupunguza mwendo, akajifunza kurusha ndege. Karibu wakati huohuo akajiunga na madaktari wa ndege, ile huduma iliyoanzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, ambayo leo tunaijua kama AMREF. Wazo lao lilikuwa rahisi: kama mgonjwa hawezi kufika hospitalini, hospitali imfuate. Redio ziliwekwa kwenye vituo vya mbali ili muuguzi aliyekwama aweze kuita msaada Nairobi.

Anne aliifanya kazi hiyo bila mshahara. Ndege yake ya Piper ilijulikana kwa herufi mbili za mwisho za namba yake, Zulu Tango. Anatua, anapanga dawa kivulini chini ya bawa, na foleni inaanza. Chanjo za polio na surua zilikaa kwenye masanduku ya barafu maana joto likizipata zimeharibika. Anang'oa jino bovu, anashona kidonda, anamgombeza mama aliyechelewesha mtoto, halafu anapaa kwenda kituo kinachofuata. Alipita miaka sabini na bado anarusha.

Kuhusu kambi, kimya. Ukimuuliza, anakukatiza. Mwaka 1994 alitoa kitabu kuhusu maisha yake, na Ravensbrück akaipitia juujuu tu. Alifariki Nairobi Februari 1999, akazikwa Lamu alikokuwa na nyumba. Miaka 19 baadaye, mwandishi Mmarekani John Heminway, aliyemfahamu, akachapisha kitabu chenye ushahidi alioufukua kwenye faili za zamani. Ndipo watu wengi waliompenda wakasikia jina la Claude kwa mara ya kwanza.

Sasa tufanye nini naye?

Mtandaoni tumezoea kumaliza kesi kwa dakika mbili: huyu shujaa, huyu takataka, twende kwa ingine. Anne hakubali hiyo hesabu. Kuna watu wazima leo Marsabit, wana wajukuu, wanaotembea kwa miguu yao kwa sababu alitua na chanjo. Na kuna wanawake wa Bloki 10 ambao hawakupata wajukuu. Huwezi kuchukua wale ukalipia hawa, maana deni halidaiwi na aliyelipwa. Mgonjwa wa Loiyangalani anaweza kumshukuru, na ana haki yake. Kumsamehe kwa niaba ya mwanamke aliyekufa Ravensbrück, hapo hana uwezo, na sisi pia hatuna.

Nashuku alilijua hilo vizuri. Pengine ndiyo maana hakupumzika. Kama alikuwa anatubu ama anakimbia tu, hayo alienda nayo kaburini. Lakini mtoto anayehara damu kijijini haulizi daktari amekimbia nini. Anahitaji dawa, na mtu fulani aliileta.

Kwa hivyo siku ukiiona ndege ya AMREF ikipaa pale Wilson, na mtu akuhadithie habari za Mama Daktari, msikilize hadi mwisho. Kisha mwambie na habari za Daktari Claude.