Sayyid Ahmad bin Sumeit: Kadhi Aliyeondoka Barazani Kisha Akarejea

Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja aliyeko Chebunyo, katika nchi ya Bomet. Ni mtu wa pwani aliyekwenda bara kutafuta riziki, na kazi yake ni karani wa mizani mahali panaponunuliwa majani ya chai. Alifiwa na babake, akarudi kazini siku ya nne, na katika juma moja akakosea mara mbili, hata mkulima mmoja akaandikiwa kilo pungufu ya alizoleta. Wakubwa wake walimkemea; walakini lililomuuma zaidi ni neno la Mwislamu mwenziwe, kwamba mwenye imani hatikisiki. Anatuuliza kama kutikisika kwake ni udhaifu wa dini.

Tumeona jawabu iliyo bora ni kueleza khabari za mtu ambaye hapana katika pwani hii anayeitilia shaka elimu yake wala ucha Mungu wake.

Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumeit alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861. Asili ya jamaa zake ni Hadharamaut. Babake alikuwa mwanachuoni na mfanya biashara wa baharini, naye alifariki mwanawe akiwa bado kijana mdogo. Sayyid Ahmad alishika bahari kabla ya kushika kalamu ya hukumu, akawa nahodha. Kisha elimu ikamvuta, akasafiri kuitafuta mpaka Hadharamaut. Alikuwa hajafikilia miaka 25 Sayyid Barghash bin Said alipompa ukadhi wa Unguja.

Hapo ndipo mtihani wake ulipoanza. Alihitilafiana na Sayyid Barghash, na hasira za mtawala yule hazikuwa za mchezo. Katika zama hizo hizo Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa alitiwa gerezani kwa amri yake, na hakutoka ila baada ya Sayyid kufa. Kadhi kijana aliyekuwa akiketi kuhukumu baina ya watu, naye akijua ya kuwa bwana wake amemkasirikia, alihukumu kwa moyo wa namna gani? Sayyid Ahmad hakungoja. Kati ya miaka ya 1880 aliacha kazi na mji, akaenda zake Istanbul.

Wako watakaosema kuwa alikimbia. Sisi hatusemi hivyo. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameandika ya kuwa yachukiza kadhi kuhukumu naye ana hasira, au ana njaa ya kupita kiasi, au ameshiba kupita kiasi, au yumo katika hali yoyote inayoiharibu tabia yake. Wakahesabu humo huzuni kubwa, ugonjwa, khofu, na hata furaha ya kupindukia. Asili yake ni Hadithi sahihi ya Mtume inayomkataza hakimu kukata hukumu akiwa na hasira. Maneno hayo yamo katika Minhaji ya Imam Nawawi, na Sayyid Ahmad aliijua Minhaji mpaka akatunga kitabu, Al-Ibtihaj, cha kufasiri istilahi zake. Basi zingatieni: fikihi haikumwambia kadhi aliyefikwa na msiba kuwa imani yake ni haba. Ilimwambia asiketi kuhukumu saa ile, kwa kuwa haki ya watu iko mkononi mwake na mkono unatetema. Na mizani ya majani ya chai je? Nayo ni hukumu baina ya watu wawili.

Aliyemwambia ndugu yetu kuwa mwenye imani hatikisiki, na aisome Sura ya Yusuf, aone Nabii Yakubu alivyopofuka macho kwa huzuni, naye ni Mtume. Imam Ghazali vile vile, alipokuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiyya ya Baghdad mwaka 1095, ulimi wake ulifungika darasani asiweze kutamka neno, na chakula kikamkataa. Matabibu wakasema ugonjwa umetoka moyoni. Aliacha kazi, na ilipita miaka 11 ndipo aliporejea kusomesha, huko Nishapur.

Walakini kosa la mizani halifutwi na msiba. Dhambi haimo pasipokusudiwa, lakini kilo zilizopungua ni haki ya mja, na mkulima yule alipwe.

Tena tuseme kweli. Sayyid Ahmad aliweza kuondoka kwa kuwa alikuwa na jamaa na jina. Karani akiondoka, watoto hulala na njaa. Kwa hiyo mzigo huu uko juu ya wenye kuajiri, wampe mfiwa siku zake au wamweke kwa muda kazi isiyobeba haki za watu. Wala tusiwanyoshee kidole matajiri wa bara peke yao. Wako walimu wa vyuo vyetu wenyewe waliozika watoto wao Alkhamisi, na Jumamosi kamati ikawauliza kwa nini darasa halikufunguliwa.

Huko Istanbul Sayyid Ahmad alikaa na Sayyid Fadhl Pasha, akasoma kwake, na Sultani Abdulhamid akamtunuku nishani. Akapita Misri na nchi nyingine, akionana na wanavyuoni. Katika miaka hiyo ya mtawanyiko, mwaka 1886, mwanawe Sayyid Umar alizaliwa Ngazija.

Sayyid Barghash alifariki Machi 1888. Sayyid Ahmad akarejea Unguja, na Sayyid Khalifa akamrudishia ukadhi. Aliketi katika kazi ile miaka ipatayo 37, ikapita juu yake himaya ya Waingereza mwaka 1890 na mizinga iliyobomoa jumba la mfalme mwaka 1896. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alitoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah hapo Mombasa. Sheikh Abdallah Bakathir, rafiki yake mkubwa, alifariki mwaka 1925, na mwaka huo huo, mwezi wa Mei, Sayyid Ahmad naye akafariki akiwa angali kadhi. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.