Nabongo Mumia na nyumba yetu ya Kuze

Naishi Shirere, pembeni mwa mji wa Kakamega, kwa sababu ya kazi. Kwetu ni Mombasa, mtaa wa Kuze. Mwezi uliopita binamu zangu waliniarifu kuwa amepatikana mnunuzi wa nyumba ya marehemu nyanya yetu. Ataibomoa ajenge gorofa za kupangisha. Bei ni nzuri, na kila mrithi anatakiwa atoe kauli yake kabla ya Ramadhani.

Kabla ya kujibu, Jumamosi moja nilipanda matatu nikaenda Mumias, kiasi cha saa moja kutoka hapa. Ndiko wazee wa pwani walikokuwa wakitua na misafara yao, na aliyewapokea ni Nabongo Mumia. Kwetu pwani wengi walijua jina hilo kwa mifuko ya sukari tu, kwa hivyo nitaeleza alikuwa nani.

Mumia alikuwa mwana wa Nabongo Shiundu, mtawala wa Wawanga, na alirithi kiti mwanzoni mwa miaka ya 1880. Watu wa pwani walikuwa wameshaizoea njia ya kwao. Walitoka Mombasa na Pangani na nguo, shanga na bunduki, wakapita nchi ya Wamaasai hadi Baringo, kisha wakateremka kwa Wawanga kutafuta pembe za ndovu. Mji wenyewe waliuita Kwa Sundu, kwa jina la baba yake. Mskochi Joseph Thomson alipofika mwisho wa 1883, akiwa na wapagazi wa pwani, jina hilo ndilo alilolikuta na ndilo aliloliandika. Baada ya miezi ya nyika na njaa, msafara ulipata hapo nafaka, kuku na mbuzi kwa bei nafuu, na usalama wa kulala ndani ya ukuta wa udongo.

Mwezi wa Oktoba 1885 alipita kwake Askofu James Hannington akielekea Buganda. Hakufika. Aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wapagazi wachache walionusurika walikimbilia kwa Mumia. Baadaye mabaki ya askofu nayo yaliletwa huko, yakahifadhiwa mpaka mwisho wa 1892 yalipozikwa Namirembe. Wafanyabiashara Waislamu, wamishonari na wapelelezi wa Kizungu, wote walikuwa na pa kufikia kwa Mumia.

Wageni wa pwani hawakuacha bidhaa peke yake. Waliacha lugha, waliacha kanzu, na waliacha dini. Mumia mwenyewe alisilimu, na wengi wa nyumba yake. Ndiyo maana mpaka leo Mumias ni mji mkongwe wa Kiislamu katika magharibi ya Kenya, na mgeni kutoka Mombasa akiingia msikitini pale hajioni mgeni sana.

Waingereza walipoweka kituo chao mjini kwake mwaka 1894, aliwakaribisha kama alivyowakaribisha wengine. Mwaka uliofuata alifika C. W. Hobley kutawala, na mwaka huohuo askari wa Kiingereza, pamoja na wapiganaji wa Kiwanga, waliwapiga Wabukusu katika ngome zao za Lumboka na Chetambe. Hili lazima lisemwe. Wako majirani zangu hapa ambao jina la Mumia haliwapendezi, kwa sababu babu zao waliletewa machifu wa Kiwanga wasiowataka. Mwaka 1909 serikali ilimfanya chifu mkuu, mamlaka makubwa kuliko yale aliyorithi kwa baba yake.

Lakini neema hiyo ilikuwa imeshaanza kupungua. Reli ilifika Kisumu mwisho wa 1901, na msafara wa miguu ukakosa kazi. Mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishwa kutoka Mumias kuja Kakamega. Mumia alizeeka akiutazama mji wake ukiachwa kando, na alifariki mwaka 1949 akiwa mzee sana. Amezikwa Matungu, kwenye makaburi ya wafalme wa Wanga.

Nilizuru Matungu, nikaswali adhuhuri Mumias, kisha nikauliza ziko wapi nyumba walizofikia watu wa pwani. Mzee mmoja alinionyesha kwa mkono upande wa maduka. Hakuna kitu. Ukuta wa udongo na paa la nyasi havikai miaka 140, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Kaburi lilinionyesha alipozikwa Mumia. Lakini wageni wake walikaa wapi, walilala wangapi chumba kimoja, bei zilikatwa barazani au ndani, hayo hayana tena mahali pa kuyaona. Yamebaki kwenye vitabu vya Wazungu waliopita pale siku chache tu.

Nikaikumbuka nyumba ya Kuze. Sisi kwetu tulijenga kwa mawe na chokaa na boriti za mikoko. Mlango wa kuchonga upo, baraza mbili zipo, na ndani ya daka nyanya alikuwa akiweka msahafu na mikasi. Ukiingia unaelewa bila kuambiwa mgeni wa kiume aliishia wapi na wanawake walipita wapi. Msafara uliofika kwa Mumia ulianzia kwenye mitaa kama hii, na upande wa kwetu bado umesimama.

Najua hoja za binamu zangu, na si za uongo. Paa linavuja. Boriti mbili zimeoza. Fundi wa chokaa ni ghali na saruji huyala mawe ya zamani. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hivyo hata dirisha huwezi kubadilisha bila ruhusa, na ruhusa huja polepole kuliko mvua. Anayetuambia tutunze turathi halipi bili zetu. Lakini nyumba ya mawe nayo hufa ikiachwa. Beit al-Ajaib ya Unguja, kasri la mwaka 1883, iliporomoka sehemu kubwa siku ya Krismasi 2020, tena iko ndani ya mji uliomo katika orodha ya UNESCO tangu 2000. Orodha haikuizuia kuanguka.

Jibu langu nimeshalituma. Sikubali ibomolewe. Nimependekeza chini tupangishe duka la vitambaa au ofisi, kodi yote ya miaka mitatu iende kwenye paa na boriti, na mimi nitatoa changu kila mwezi kutoka huku Shirere. Anayetaka fungu lake sasa, tumnunue sisi ndugu kidogo kidogo. Binamu wawili wamekubali, mmoja amenuna, na mnunuzi bado anapiga simu.

Ikiwa nawe una nyumba ya namna hiyo, Lamu, Pate, Vanga au Mombasa, na mmepata njia ya kuitengeneza bila kuvunja familia, tafadhali niandikie. Kikao chetu ni wiki mbili zijazo.