Ngala na Kiti Chetu

Kila kiti cha bunge kikibaki wazi, humkumbuka marehemu Ronald Ngala. Mgiriama huyu wa Kilifi alifundisha shule ya Buxton hapa Mombasa, kisha akaongoza KADU na kupigania majimbo.

Novemba 1964 alivunja chama, akahamia KANU na wabunge wenzake. Viti walibaki navyo, kwani sheria haikuwalazimisha kurudi kwa wapiga kura. Majimbo yakazikwa, na sisi Wapwani hatukuulizwa.

Mwaka 1966 Oginga Odinga na wenziwe walipotoka KANU kuunda KPU, Bunge lilibadilisha sheria upesi: ahamaye chama apoteze kiti. Juni ukafanywa uchaguzi mdogo wa viti 29.

Ngala alifariki Desemba 25, 1972, baada ya ajali ya gari. Leo, mbunge akifa au akihama chama, Katiba yamtaka Spika aiarifu tume ndani ya siku 21, na uchaguzi ufanywe ndani ya siku 90.

Uchaguzi mdogo uliopita mtaani kwetu mimi nilibaki barazani nikinywa kahawa. Najuta. Wazee wetu walinyimwa kuulizwa. Mimi niliulizwa nikanyamaza.