Kwame Nkrumah, mwanafunzi aliyekosa kitanda



Wengi kati yetu tunafikiri kwamba kwenda kusoma Marekani ni kwenda kupumzika. Tunasema kule mwanafunzi anapewa chumba chake peke yake, godoro nene, na franga ya mfukoni, kisha anarudi kwao na diplome na koti nzuri. Juu ya hii nimechagua kuwaeleza maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake tunalisikia sana katika somo la historia, lakini hatuambiwi alilala wapi wakati alikuwa mwanafunzi. Mtu huyu ni Kwame Nkrumah, rais wa kwanza wa Ghana. Alikaa Marekani miaka 10, tangu 1935 mpaka 1945.

1. Mtoto wa Nkroful

Nkrumah alizaliwa Nkroful, kijiji cha watu wa Nzema, katika inchi ambayo Waingereza waliiita Gold Coast. Padri aliyembatiza aliandika tarehe 21 Septemba 1909. Baba yake alikuwa mfua zahabu, na mama yake alikuwa anauza vitu kidogo kidogo. Yeye alikuwa mtoto mmoja tu wa mama yake.

Alisoma kwa wamisionere wa Katolika, kisha akaenda Accra kusomea kazi ya ualimu. Kule alimkuta Mwafrika mmoja mwenye akili nyingi, James Aggrey, aliyekuwa kati ya wakubwa wa shule ya Achimota. Aggrey alikuwa amesoma na kufundisha miaka mingi Marekani. Alikufa mwaka 1927, lakini wanafunzi wake hawakumsahau. Baadaye kidogo Nkrumah akajuana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria, mwandishi wa gazeti katika Accra, ambaye naye alikuwa amesoma Marekani kwenye chuo kinachoitwa Lincoln. Njo pale hamu ilimshika.

Alimaliza masomo ya ualimu mwaka 1930, akafundisha miaka tano. Lakini mshahara wa mwalimu, sisi wote tunajua namna ulivyo. Haukutosha safari. Mwaka 1935 alijificha ndani ya mashua kubwa mpaka Lagos, juu ya kumuomba ndugu mmoja wa ukoo amsaidie feza. Ndugu akamusaidia, na chifu mmoja wa kwao akaongeza. Alipita kwanza London kutafuta viza. Ni kule alisoma habari kwamba Mussolini ameingiza jeshi lake Ethiopia. Habari ile ilimuumiza sana moyoni.

2. Kufika nyuma ya wengine

Chuo cha Lincoln kiko katika Pennsylvania, kati ya miji ya Philadelphia na Baltimore. Wakristo wa Kipresbiteri walikianzisha mwaka 1854 kwa ajili ya watu weusi, juu wakati ule shule nyingi za wazungu zilikuwa zinawafungia mlango. Nkrumah alifika pale mwisho wa mwezi wa kumi 1935. Wenzake walikuwa wamekwisha kusoma karibu miezi miwili. Na feza iliyobaki mfukoni haikutosha kulipa masomo.

Mkubwa wa chuo angeweza kumwambia arudi. Hakumwambia vile. Alimpa nafasi ya kujaribu, tuone matokeo ya mtihani. Nkrumah akashika vitabu usiku na mchana, akapita mtihani vizuri, akapata kusaidiwa na chuo. Kisha akapewa kazi katika nyumba ya vitabu, na kazi ya kugawa chakula mezani kwa wanafunzi wenzake. Hata aliandikia wengine muhtasari wa masomo, wakamlipa dola moja moja.

Kwa hiyo, wakati wa masomo, alikuwa na kitanda na sahani. Taabu kubwa ilikuwa wakati wa vakansi.

3. Vakansi bila nyumba

Vakansi ikifika, mwanafunzi wa Marekani anarudi kwa wazazi wake. Lakini yule aliyetoka mbali na bahari iko katikati, atarudi wapi? Nkrumah alikuwa anaenda New York, kwenye mtaa wa Harlem ambako watu weusi walikuwa wengi, kutafuta kazi na pahali pa kulala. Ilikuwa miaka ya ukosefu wa kazi katika Marekani yote, hata wenye inchi walikuwa wanakosa.

Alianza kuuza samaki barabarani. Alikuwa anaamka mapema sana kuwanunua sokoni. Lakini samaki wale walimletea upele mwili wote, akaacha. Kisha akapata kazi kwenye kiwanda cha sabuni. Jina ni sabuni, lakini kazi yenyewe ilikuwa kusukuma matumbo na mafuta ya nyama yaliyooza. Harufu ilimfuata mpaka kitandani. Munganga akamushauri aache kama anataka kuwa mzima. Mwishoni alipata kazi katika mashua kubwa iliyoitwa Shawnee, iliyokuwa inaenda mpaka Mexico. Alianza kwa kusugua masufuria, kisha akapanda akawa mhudumu wa mezani. Pale angalau alikuwa na pa kulala na chakula.

Lakini kabla ya kupata kazi ile, kulikuwa usiku mwingine hakuwa na chumba. Basi alikuwa ananunua tikiti ya senti 5 ya treni inayopita chini ya udongo, anapanda kutoka Harlem mpaka Brooklyn, kisha anarudi, kisha anaenda tena, mpaka asubuhi. Kulala vile si kulala. Kila wakati treni inasimama na watu wanaingia. Siku nyingine, katika Philadelphia, yeye na rafiki yake walilala kwenye viti vya gare. Polisi akawafukuza. Wakaenda kulala kwenye bustani ya mji, mvua ikawanyeshea.

Na kulikuwa ubaguzi. Siku moja katika Baltimore, kwenye pahali pa kungojea bisi, alisikia kiu akaomba maji ya kunywa. Mzungu aliyekuwa anahudumu akamuonyesha chombo cha kutemea mate, kwamba hapo ndipo pa kunywea mtu mweusi. Nkrumah alitoka bila kujibu kwa fujo. Lakini miaka mingi baadaye, akiwa mkubwa wa inchi, aliandika habari ile katika kitabu cha maisha yake. Tuone namna neno moja baya linavyokaa katika moyo wa mgeni.

4. Masomo mawili na kazi ya usiku

Mwaka 1939 alipata digrii ya kwanza, ya uchumi na elimu ya jamii. Alitaka kusomea kazi ya gazeti, lakini feza ilikosekana. Akabaki Lincoln kusoma mambo ya Mungu, na papo hapo akajiandika katika chuo kikuu cha Pennsylvania, ndani ya Philadelphia, karibu kilomita 80. Alikuwa anaenda na kurudi mara nyingi kwa juma. Siku ya Mungu alikuwa anahubiri katika makanisa ya watu weusi. Mwaka 1942 alipata diplome ya teolojia na ya ualimu wa juu, na mwaka 1943 ile ya filozofia.

Nani alilipa? Mikono yake mwenyewe. Wakati wa vita alifanya kazi kwenye kiwanda cha mashua katika mji wa Chester, kuanzia saa sita ya usiku mpaka saa mbili ya asubuhi. Baridi ya kule si sawa baridi ya milima yetu. Vyuma vilikuwa vinashika ngozi ya mikono. Mwisho akapata ugonjwa wa mapafu, akapelekwa hospitali, akawa karibu kufa, mbali na mama yake.

5. Wenzake wa Lincoln

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko yote. Wanafunzi wale Waafrika hawakubaki kila mtu na taabu yake. Waliunda chama cha wanafunzi wa Afrika katika Marekani na Kanada, na Nkrumah akawa rais wake. Mmoja wa wenzake pale Lincoln alikuwa Ebenezer Ako Adjei, wa inchi moja naye. Walikuwa wanabishana juu ya uhuru wa Afrika.

Mwaka 1947, Nkrumah akiwa London, chama kimoja cha kwao kilitafuta katibu. Ako Adjei njo alitoa jina lake. Bila neno la rafiki huyu, pengine historia ingeenda njia nyingine. Nkrumah alirudi kwao Desemba 1947, baada ya miaka 12. Waingereza walimfunga, kisha mwaka 1951 akatoka gerezani na kuongoza serikali. Mwaka ule ule Lincoln ikamuita na kumpa heshima ya udaktari. Tarehe 6 Machi 1957 Ghana ikapata uhuru. Na sisi Wakongomani tukumbuke kwamba mwezi wa nane 1960 yeye na Lumumba walitia sahihi katika Accra mapatano ya kuunganisha inchi zetu, ingawa hayakutimizwa.

Lakini ukweli tusiufiche, hata kama tunampenda. Mwaka 1958 serikali yake iliweka sheria ya kufunga watu bila kuwahukumu. Mwaka 1962 kulitupwa bomu juu ya kumuua, na kati ya waliofungwa kulikuwa Ako Adjei, yule mwenzake wa Lincoln. Alitoka tu mwaka 1966, baada ya jeshi kumuondoa Nkrumah akiwa safarini. Nkrumah mwenyewe akarudia kuwa mgeni, mara hii katika Guinée kwa Sékou Touré. Alikufa Bucharest, katika Rumania, tarehe 27 Aprili 1972, mbali na kwao.

6. Tunajifunza nini?

Wandugu, wengine watasema taabu inamfanya mtu kuwa mzuri. Maisha haya yanaonyesha kwamba haiko vile yenyewe tu. Taabu ilimpa Nkrumah nguvu ya kazi, lakini haikumzuia kufunga mlango kwa mwenzake. Kilichomfanya asome ni watu waliomfungulia: ndugu wa Lagos, mkubwa wa Lincoln aliyempokea amechelewa, rafiki aliyetaja jina lake.

Basi mwezi wa kumi ukifika, na mwanafunzi mpya akaingia internati nyuma ya wengine juu minervali ilichelewa kupatikana, bila godoro, akiwa na valizi moja tu, tusimcheke. Tusogee kidogo, tumpe nafasi na daftari zetu anakili. Na siku tukiwa wakubwa, tusisahau waliosogea kwa ajili yetu.