Mama Aliyekataa Kulazimishwa: Maisha ya Walatta Petros

Katika toleo hili tunapenda kuwasimulieni habari za mama mmoja wa Ethiopia, aitwaye Walatta Petros, yaani Binti wa Petro. Kanisa la Orthodox la nchi ile humheshimu kuwa mtakatifu. Maisha yake yaliandikwa mwaka 1672 na mtawa Galawdewos, miaka 30 baada ya kufa kwake.

Alizaliwa mwaka 1592 katika ukoo wa wakuu. Akaolewa na Malka Krestos, mshauri wa Mfalme Susenyos. Walijaliwa watoto watatu, na wote wakafa wangali wadogo. Baada ya misiba hiyo alitamani kuingia utawani. Alipotoroka mara ya kwanza, mumewe aliharibu mji mzima akimtafuta, naye akarudi.

Siku zile mapadre Wajesuiti walikuwa wamefika Ethiopia, na mfalme akavutwa na mafundisho yao, tena alitumaini kupata msaada wa askari wa Ureno. Askofu Mkuu Simeoni alipompinga, vita vikatokea, na mwaka 1617 Askofu akauawa. Mama huyu alipojua kwamba mumewe alihusika katika mauaji hayo, aliondoka moja kwa moja, akawa mtawa. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Mwaka 1622 mfalme alitangaza hadharani kuwa amekuwa Mkatoliki. Mwaka 1625 akaja Patriaki Afonso Mendes, ambaye alitaka Wakristo wa Ethiopia wabatizwe upya na makasisi wao wawekewe mikono upya. Watu wakashangaa, kana kwamba baba zao hawakuwa Wakristo kamwe.

Hapa tukumbuke yaliyotokea Ulaya miaka mia moja kabla yake. Huko Waanabaptisti waliuawa kwa sababu walichagua wenyewe kubatizwa tena wakiwa watu wazima. Wakatoliki na Waprotestanti wote waliwaua, na wanawake wengi walizamishwa mtoni. Ulaya mtu aliuawa kwa kubatizwa tena. Ethiopia aliadhibiwa kwa kukataa kubatizwa tena. Kosa la watawala lilikuwa lile lile: walitaka kutawala dhamiri za watu.

Walatta Petros hakunyamaza. Alikwenda huku na huku akiwatia watu moyo washike imani ya baba zao, na akawaonya wasitaje jina la mfalme katika Ibada. Akaitwa barazani. Jamaa zake wakamwombea, akaachiliwa. Lakini hakuacha kufundisha. Mwaka 1627 akaletwa tena mbele ya mfalme. Kwa miezi mingi, kila Jumamosi, Patriaki Mendes mwenyewe alijaribu kumgeuza. Alishindwa. Ndipo mfalme akamfukuza kwa miaka mitatu mpaka Zhebey, upande wa Sudan.

Lakini huko uhamishoni watu walimfuata. Hivyo ikaanza jumuiya ya kwanza kati ya saba alizozianzisha, nyingine zikiwa kando ya Ziwa Tana. Wanawake kwa wanaume waliishi chini ya uongozi wake.

Mwaka 1632, baada ya maelfu ya watu kufa katika vita, mfalme alichoka. Akaruhusu watu warudie imani yao, akamwachia ufalme mwanawe Fasilides. Walatta Petros aliendelea kuziongoza jumuiya zake mpaka alipolala katika Bwana mwezi wa Novemba 1642.

Ndugu, tusisome habari hizi ili kuwanyoshea Wakatoliki kidole. Chini ya Fasilides, mwaka 1638, mapadre wawili Wakapuchini walinyongwa Ethiopia kwa ajili ya imani yao. Na Kanisa letu Anglikana lisijisifu. Mwaka 1550, chini ya Mfalme Edward wa Sita, mama aitwaye Joan Bocher alichomwa moto mjini London kwa sababu ya mafundisho yaliyohesabiwa kuwa uzushi. Walioteswa jana waweza kuwa watesi kesho.

Hapa petu Kamsamba hakuna mfalme wa kutuchoma moto. Lakini tumeona nyumba ambamo baba hubadili dhehebu, na siku hiyo hiyo mke na watoto huhamishwa pamoja naye kama mizigo, bila kuulizwa neno. Tumeona pia binti akiambiwa siku ya posa kwamba imani yake si kitu, atafuata ya mume. Nasi wazee wa kanisa, muumini akiongezeka kwetu kwa njia hiyo, hufurahi na kumwandika katika daftari.

Basi tujiulize kabla ya kumwandika: je, mama huyu amekuja mwenyewe? Mungu atupe neema ya kumngojea ajibu.