Sheikh Uways wa Barawa

Vijana, zikri mmeisikia, lakini aliyeieneza Afrika Mashariki mnamjua? Sheikh Uways bin Muhammad, Allah amrehemu, alizaliwa Barawa mwaka 1847, akasoma Baghdad, akapewa ijaza ya Qadiriyya. Sayyid Barghash alimkaribisha Unguja, na tariqa ikafika mpaka Kongo.

Zikri hii ni ya kusimama, pumzi zikipanda pamoja. Mwili huwaka moto, mtu akatetemeka, akalia, hata akaanguka. Ndo maana haifanywi kiholela: khalifa ndiye mwenye mwendo, akiona watu wamezidiwa huupunguza, na aliyeanguka hushikwa mpaka atulie.

Wapo masheikh walioipinga kwa hoja, hiyo ni haki yao. Waliomuua Sheikh Uways huko Biyole mwaka 1909 walikuja na silaha, nao Waislamu wenzake, watu wa Salihiyya.